Usianze na kampuni, anza na kabati: mwongozo wa kutafuta ufadhili wa sayansi na teknolojia shuleni

Sanduku la roboti lilikaa juu ya kabati la ofisi ya mwalimu mkuu kwa miaka miwili. Lilikuja kwa shangwe: meneja wa kampuni iliyolitoa alihutubia, wanafunzi waliimba, picha zikapigwa, fulana zikagawiwa. Ndani mlikuwa na seti 12 za kuunganisha, kila moja na mota zake, sensa zake na kitabu cha maelekezo. Mwalimu aliyepelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili alihamishwa muhula uliofuata. Betri zilipoisha, hakuna aliyejua zinunuliwe kwa fungu gani. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, akaona heri vikae mahali salama visije vikapotea. Muda wote huo darasa langu la kemia lilikuwa na pipeti tatu nzima, ile mirija ya kioo ya kuvutia na kupimia kimiminika, kwa wanafunzi 40.

Ningependa kuilaumu kampuni, lakini barua ya maombi niliiandika mimi. Tuliomba roboti, tukapewa roboti.

Haya ninayoeleza hapa nimeyajua baada ya barua hiyo. Ni ya mwalimu wa sayansi, mkuu wa idara au mjumbe wa bodi ya shule anayetaka kubisha hodi kwenye kampuni. Mtu wa kampuni akiyasoma pia si vibaya, ataona upande wa pili wa meza unawaza nini.

Hatua ya kwanza: fungua kabati

Kabla ya kuandika jina la kampuni yoyote, chukua muhtasari wa somo na uorodheshe majaribio yote ambayo wanafunzi wanatakiwa kuyafanya kwa mikono yao kwa mwaka. Mbele ya kila jaribio andika vitu vitatu: kinachohitajika, kilichopo, na kilichopo kinachofanya kazi. Safu ya pili na ya tatu hazilingani kamwe. Hadubini kumi zilizo kwenye rejista zinaweza kuwa nne zinazoonyesha kitu. Nyingine zimepoteza kioo cha kuakisi mwanga, taa imeungua, au lenzi imeota ukungu. Kazi hii inachukua siku mbili kwa walimu wawili na wanafunzi wachache wa klabu ya sayansi, na wanafunzi ndio watakaokwambia ukweli kuhusu kinachofanya kazi.

Kisha fanya hesabu, maana hesabu ndiyo itakayokuzuia kuomba kitu kisicho sahihi. Chukua lile jaribio la kupima kiasi cha asidi kilichomo kwenye kimiminika kwa kutumia besi, ambalo walimu wa kemia huliita titresheni. Kila mwanafunzi huvuta mililita 25 za besi kwa pipeti, na hurudia mara tatu. Hiyo ni mililita 75. Kwa wanafunzi 40 ni lita 3. Kama besi ni hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali), na moli moja ya hidroksidi hiyo ina gramu 40, basi darasa zima linahitaji gramu 12 tu. Hata ukiongeza ya kumwagika na ya kusuuzia vyombo, kopo la gramu 500 linatosha vipindi zaidi ya 30, ilimradi kifuniko kifungwe vizuri, kwa sababu hidroksidi hii hunywa unyevu wa hewa na kugeuka bonge.

Kwa miaka mingi tulikuwa tukisema "hatuna kemikali". Hesabu ilionyesha kwamba kemikali ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Tulichokosa ni pipeti na bureti (mrija mrefu wenye kibomba cha kudondoshea kimiminika kidogo kidogo), maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na chumvi, na mtu wa kuandaa vimiminika asubuhi na kuosha vyombo jioni. Mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki hawezi kuandaa jaribio, kulisimamia, kuosha vyombo 80 na kuingia darasa linalofuata kwa wakati. Kwa hiyo jaribio linaishia ubaoni. Ukiulizwa na kampuni unataka nini, jibu la kweli huenda likawa ni mshahara wa nusu siku wa fundi sanifu wa maabara. Jibu hilo halivutii kwenye picha, ila ndilo linalofanya majaribio yafanyike.

Kinachoweza kutengenezwa kitengenezwe kabla ya kuomba kipya. Hakuna kinachoiudhi kampuni kama kufika na kukuta hadubini sita zimelala kwa kukosa taa.

Hatua ya pili: chagua pengo moja

Orodha ya mahitaji 47 ni orodha ya manung'uniko. Chagua pengo moja linaloweza kuzibwa na kuonekana limezibwa ndani ya mwaka, kisha liandike kwa sentensi moja yenye namba. "Tunahitaji kuboresha maabara" haimwambii mtu chochote. "Kati ya majaribio 22 ya kemia, tunafanya 6; kwa pipeti 20, bureti 20 na msaidizi wa maabara siku mbili kwa wiki tutafanya 18" inamwambia kila kitu, na zaidi ya hapo inampa mfadhili namba atakayoipeleka kwa wakubwa wake.

Mahitaji mengine yaweke akiba. Ukitimiza la kwanza, utaulizwa la pili.

Hatua ya tatu: jua kampuni ina nini zaidi ya pesa

Pesa taslimu ndiyo ngumu kuliko zote kutoka kwenye kampuni, kwa sababu hupita mikononi mwa watu wengi na kila mmoja anaogopa kuulizwa. Vitu vingine hutoka kwa urahisi wa kushangaza.

Kiwanda chochote cha vinywaji, rangi, sabuni au dawa kina maabara ya kupima ubora. Maabara hiyo hubadilisha mizani na vyombo vya kioo mara kwa mara, na mara nyingi ina mtambo wa kusafisha maji. Lita 20 za maji safi kwa wiki si chochote kwao, na kwenu ni muhula mzima wa majaribio bila mashapo. Kampuni za umeme na ujenzi zina vipande vya nyaya, swichi na mabomba vinavyobaki. Benki na kampuni za bima hubadilisha kompyuta zote kwa pamoja kila baada ya miaka michache. Kampuni za simu zinaweza kutoa intaneti bila kugusa hazina yao. Na karibu kila kampuni ya kiufundi ina wahandisi ambao wangependa kuja shuleni mara moja kwa mwezi kama kuna mtu angewaomba kwa utaratibu unaoeleweka.

Jua pia nani anaamua. Kampuni kubwa huwa na idara ya uwajibikaji kwa jamii au hata taasisi yake ya misaada. Huko kuna fomu, tarehe za mwisho na kamati. Tawi dogo lina meneja mwenye fungu dogo analoweza kulitumia bila kuuliza makao makuu. Nimefanikiwa zaidi kwa mlango wa tatu: mkuu wa maabara au mhandisi ambaye mwanawe anasoma shuleni kwetu, au aliyewahi kusoma hapo. Yeye hana pesa, lakini anajua stoo ina nini na anajua ni nani wa kumwambia.

Muda nao una maana. Bajeti ya mwaka ujao hupangwa miezi kadhaa kabla mwaka wa fedha haujaanza, na mwaka wa fedha wa kampuni si lazima uanze Januari. Uliza. Ukifika mwezi mmoja baada ya bajeti kupitishwa utaambiwa "mwakani", na si kwamba wanakukwepa.

Sheria za nchi yako zisome pia. India, kwa sheria yake ya kampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni zinazofikia ukubwa fulani zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka 3 kwa shughuli za jamii, elimu ikiwemo. Kwingineko hakuna lazima, lakini kuna nafuu ya kodi kwa anayetoa msaada, mara nyingi kwa sharti kwamba anayepokea amesajiliwa na anatoa risiti rasmi. Shule isiyoweza kutoa risiti inamnyima mfadhili nafuu yake bila kujua.

Hatua ya nne: barua ya ukurasa mmoja

Historia ya shule tangu kuanzishwa, iache. "Mungu azibariki kazi za mikono yenu", hiyo waweza kuiweka mwishoni. Kinachotakiwa ni hiki, kwa maneno yako:

*YAH: Maombi ya vyombo vya maabara na maji yaliyosafishwa kwa majaribio ya kemia*

*Shule yetu ina wanafunzi … wanaosoma kemia. Muhtasari unataka wafanye majaribio 22 kwa mwaka. Kwa sasa wanafanya 6. Tumekagua vifaa vyetu na kutengeneza vilivyotengenezeka. Kinachotuzuia ni vitu viwili: pipeti na bureti (tunazo 3, tunahitaji 20 za kila aina) na maji yasiyo na chumvi (lita 20 kwa wiki).*

*Shule italipia kemikali na itatenga mwalimu wa kusimamia vifaa. Tunaomba kampuni itusaidie vyombo hivyo, vipya au vilivyotumika, na maji kwa mwaka mmoja. Kila mwisho wa muhula tutawaletea taarifa ya majaribio yaliyofanyika na vyombo vilivyovunjika. Tunawakaribisha waje wakati wa kipindi, siku yoyote, bila sherehe.*

Sentensi ya "shule italipia" ndiyo inayobeba barua. Anayeombwa huamini zaidi anapoona mwombaji naye ameweka mkono mfukoni. Na yale maneno "bila sherehe" yamewahi kunisaidia kuliko nilivyotarajia: afisa mmoja aliniambia gharama ya tukio la makabidhiano, na mahema yake na vipaza sauti vyake, ilikuwa karibu sawa na msaada wenyewe.

Hatua ya tano: kikao

Mpeleke mwalimu anayefundisha somo hilo. Mkuu wa shule peke yake ataulizwa "bureti ni nini?" na kikao kitapoa. Beba pipeti iliyovunjika na daftari la mwanafunzi lenye jaribio lililochorwa tu. Nusu ya muda waulize wao: mnaajiri watu wa fani gani, vijana wanaokuja kwenu wanakosa nini? Msimamizi mmoja wa karakana alinijibu kwamba vijana wanajua fomula ya Ohm ya umeme lakini hawajawahi kushika multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Kwa jibu hilo ombi letu lilibadilika palepale, na tukaondoka na multimita kumi.

Ukiombwa kitu usichoweza kuahidi, sema huwezi. Wanaotaka "wanafunzi 500 wafikiwe" watakubali 80 wanaofanya kitu cha maana, ukiwaeleza vizuri.

Hatua ya sita: makubaliano yaandikwe

Hapa ndipo shule nyingi huona haya. Tunaona ni utovu wa adabu kumwekea masharti mtu anayekupa zawadi. Mimi nasema zawadi yenye thamani kubwa bila karatasi ni ugomvi uliocheleweshwa. Kurasa mbili zinatosha, na ziguse mambo haya.

Umiliki: je, kifaa ni cha shule moja kwa moja, au ni cha kuazimwa? Nimeona projekta ikirudishwa kwa sababu hakuna aliyeandika.

Muda na kinachotumika kikaisha: nani analipia betri, taa za projekta, wino, leseni za programu, matengenezo? Mwaka 2016 BBC pamoja na kampuni washirika, zikiwemo ARM, Microsoft na Samsung, waliwagawia wanafunzi wa miaka 11 na 12 nchini Uingereza takriban vibao milioni moja vya micro:bit, kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani. Ni kifaa kizuri, nakipenda. Lakini kikiwa hakijachomekwa kwenye kompyuta kinatumia betri mbili ndogo za aina ya AAA. Vibao 40 ni betri 80, na mwanafunzi akisahau kuzichomoa, wiki ijayo unahitaji 80 nyingine. Andika nani ananunua, au omba za kuchajiwa tangu mwanzo.

Vipuri: uliza kama kifaa kinaweza kupatikana kutoka kwa mtengenezaji zaidi ya mmoja. LEGO ilianza kuuza Mindstorms, seti zake za kuunda roboti, mwaka 1998, shule duniani kote zikajenga klabu zake juu yake, na mwaka 2022 ikatangaza kuisitisha. Arduino, kibao cha kielektroniki cha kujifunzia kilichoanzia mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, ina michoro iliyo wazi ambayo yeyote anaweza kutengeneza kwayo. Kibao kikiungua unanunua kingine kwa muuzaji yeyote, na masomo uliyoandaa yanabaki yaleyale.

Jina na nembo: mfadhili anastahili kutajwa. Kibandiko kwenye kifaa, bango dogo mlangoni, jina lake kwenye taarifa ya mwaka. Mpaka wangu ni darasani. Huko Marekani, Channel One, huduma ya televisheni ya shuleni, ilianza mwaka 1990 kwa kuzipa shule televisheni na mitambo yake bure, kwa sharti kwamba wanafunzi watazame kila siku kipindi cha dakika 12, na dakika 2 kati ya hizo zilikuwa matangazo ya biashara. Fanya hesabu: siku 180 za shule mara dakika 2 ni saa 6 za masomo kwa mwaka, zimeuzwa. Wazazi na walimu wengi walipinga, na huduma hiyo ilifungwa mwaka 2018. Kwa hiyo kaa macho na vitabu vya mazoezi vilivyoandaliwa na mfadhili. Kampuni ya vinywaji vya sukari ikitaka kufundisha lishe, au ya mafuta ikitaka kufundisha tabianchi, kitini kisomwe kwanza na walimu na shule iwe na haki ya kukikataa huku ikipokea vifaa.

Jina la mradi lina somo lake. Lile shindano kongwe la vijana wanasayansi wa Marekani lililoanza mwaka 1942 lilibeba jina la Westinghouse, likaja la Intel mwaka 1998, na tangu 2017 linabeba la Regeneron. Wafadhili watatu, shindano moja, kwa sababu mwenye shindano ni chama cha sayansi, wala si yeyote kati ya hao watatu. Klabu yenu ibebe jina la shule. Mfadhili awe baada ya neno "kwa msaada wa".

Watoto: picha zao zisitumike kwenye matangazo bila idhini ya mzazi. Programu ya bure inayodai majina, tarehe za kuzaliwa na barua pepe za wanafunzi inakusanya kitu chenye thamani; uliza taarifa hizo zinakaa wapi na zinafutwa lini. Na mgeni wa kujitolea, awe mhandisi au mkurugenzi, asiachwe peke yake na wanafunzi. Mwalimu awepo muda wote. Kampuni makini haitakasirika, nayo ina kanuni hiyohiyo.

Hatua ya saba: kama msaada ni kompyuta, soma hapa mara mbili

Kompyuta ndizo zinazotolewa zaidi na ndizo zinazokufa mapema zaidi.

Anza na umeme. Kompyuta ya mezani na skrini yake waweza kuikadiria wati 150. Ishirini ni wati 3,000, ambayo kwa umeme wa volti 230 ni takriban ampea 13, zote zikipita kwenye nyaya ambazo labda ziliwekwa kwa ajili ya taa nne na feni. Kompyuta mpakato 20 za wati 60 ni wati 1,200, na zina betri ndani, umeme ukikatika katikati ya kipindi somo linaendelea. Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya za mezani 20 na mpakato 12, nachukua mpakato. Kwa vyovyote vile fundi umeme aliyesajiliwa akague chumba kabla mashine hazijashushwa kwenye gari. Mwombe mfadhili aiweke kazi hiyo ndani ya msaada.

Kisha umri. Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya kawaida ya usalama wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Ndiyo maana maofisi mengi yametupa mashine, na ndiyo maana ghafla unapewa nyingi. Bado zina kazi: zikiwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, mashine ya miaka minane inaandika, inakokotoa na inafundishia programu vizuri tu. Ila aulizwe mapema nani ataiweka hiyo Linux na nani ataitunza. Diski ziwe zimefutwa na kampuni yenyewe kabla hazijaja, maana hutaki kuwa mlinzi wa siri za wateja wa benki. Na nywila ya msimamizi ikabidhiwe kwa maandishi kwa watu wawili. Kuna maabara niliyoifahamu iliyokaa muhula mzima bila kusakinishiwa kitu kwa sababu nywila ilikuwa kichwani mwa fundi mmoja, naye alikwenda masomoni.

Intaneti nayo ina hesabu yake. Wanafunzi 30 wakitazama video kwa wakati mmoja, kila mmoja akitumia megabiti 2 kwa sekunde, wanataka megabiti 60. Laini ya kawaida ya shule haifiki huko. Badala ya kuomba laini kubwa ambayo bili yake itabaki kwenu ufadhili ukiisha, omba kompyuta moja iwe seva ya ndani, yaani mashine inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa kompyuta nyingine za shule. Programu ya Kolibri hutunza masomo na mazoezi kwenye mtandao wa ndani bila intaneti. Maigizo ya majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, mradi ulioasisiwa mwaka 2002 na mshindi wa Nobel ya fizikia Carl Wieman, hupakuliwa na kutumika nje ya mtandao. Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007 kwa ajili ya watoto kujifunza kuandika programu, nayo ina toleo la kusakinisha kwenye mashine. Yote matatu ni ya bure.

Hatua ya nane: kujua kukataa

Hii ni fupi. Kataa vipimajoto vya zebaki: Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza, kuviagiza na kuviuza nje, na mtu anayekupa leo huenda anakuhamishia taka zake. Kataa skrini za zamani zenye kisogo. Kioo chake kina risasi ndani. Kataa kemikali zisizo na lebo, na zilizopitwa na muda usichukue hata kama ni ndoo nzima, kwa sababu kuziteketeza kwa usalama ni ghali kuliko kununua mpya. Zile unazozikubali zisipangwe kwa alfabeti! Asidi ya nitriki haikai kando ya ethanoli eti kwa sababu A na E zinakaribiana kwenye alfabeti.

Barua ya kukataa iwe ya shukrani na ieleze unachoweza kupokea.

Hatua ya tisa: fadhili saa za mwalimu

Peru ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoingia kwa nguvu kwenye mpango wa One Laptop per Child, yaani kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto, ikigawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto. Tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika iliyotoka mwaka 2012, iliyofuatilia shule 319 za msingi, ilikuta kompyuta zinatumika kweli, lakini haikuona ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda. Mimi nikiisoma taarifa hiyo naona sanduku letu la roboti, limekuzwa likawa la nchi nzima.

Kwa hiyo kwenye makubaliano ingiza saa za mwalimu kama kifaa kimojawapo. Wafundishwe walimu wawili au watatu, asiwe mmoja, maana uhamisho haubishi hodi. Mafunzo yasiwe ya siku mbili hotelini kisha kwaheri. Siku moja mwanzoni, mwezi wa kufundisha, kisha mkufunzi arudi na kuulizwa yale yaliyoshindikana. Maswali ya kweli huzaliwa mwezi wa pili. Na ratiba ya shule iwe na saa moja kwa wiki ambayo mwalimu anaandaa jaribio bila kupangiwa kipindi. Saa hiyo ni mchango wa shule, na ni mgumu kuliko pesa, muulize yeyote anayepanga ratiba.

Mhandisi anayekuja kujitolea apewe kazi ndogo inayojirudia: kila mwezi asimamie kituo kimoja cha majaribio. Hotuba ya kuwatia vijana moyo aitoe siku ya kwanza tu.

Hatua ya kumi: daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Rejista ya mali mnayo tayari. Ongeza daftari la pili la matumizi, linalokaa ndani ya maabara, likiwa na tarehe, darasa, jaribio, kilichovunjika na sahihi. Mistari minne kwa wiki. Humo ndimo itakamotoka taarifa ya mwisho wa muhula bila wewe kukesha.

Taarifa yenyewe iwe ukurasa mmoja: majaribio yaliyofanyika, yaliyoshindikana na sababu zake, vilivyovunjika. Usifiche vilivyovunjika. Pipeti inavunjika kwa sababu inatumika. Nikiwa mfadhili ningeitilia shaka maabara ambayo haijavunja kitu mwaka mzima. Ongeza ukurasa wa daftari la mwanafunzi mmoja bila jina lake. Kuhusu matokeo ya mtihani, usidai kwamba yamepanda kwa sababu ya pipeti 20. Mambo mengi hubadilika kwa mwaka mmoja, na mfadhili mwerevu atakuuliza ulijuaje.

Miezi minne kabla makubaliano hayajaisha, omba kikao kingine. Nenda na daftari la matumizi na ile orodha ya akiba uliyoiweka kwenye hatua ya pili.

Zile roboti tulizishusha. Kati ya seti 12, saba ziliwaka. Tano zilikuwa zimeachwa na betri ndani, zikavuja na kula vishikizo vya chuma, kwa hiyo tukazing'oa mota na leo zinatumika kwenye somo la sumaku na umeme. Saba zilizobaki zina daftari lao, kamba nyekundu kwenye kila swichi ya kuzimia, na mwanafunzi mmoja ambaye kazi yake Ijumaa saa nane ni kuhesabu betri.